Maziko Yaliyoganda kwenye Simu ya Baba Rehema

Kosa ni langu peke yangu, na lilileta madhara Jumamosi iliyopita, saa tisa na nusu alasiri, hapa nyumbani kwetu Rwamgasa. Naandika kwa sababu kulisema naona aibu.

Nyumba yetu ina wapangaji, wengi wachimbaji. Waifai ni moja, tunachangia wote. Niliyekabidhiwa kuigawa ni mimi, eti nipo kidato cha tatu, naielewa mipangilio. "Gawa kama mawe ya duarani," waliniambia. Mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kila mchimbaji hupewa fungu lake mbele ya macho ya wenzake.

Lakini mgawo wa waifai nani anauona? Nikawa najipa fungu kubwa, wengine nawabania, ili tamthilia zangu zisikwame.

Jumamosi hiyo Baba Rehema, mpangaji wetu kutoka Lindi, alifiwa na mama yake. Kwao Waislamu maiti hailazwi, na kwa basi asingewahi. Mdogo wake akaahidi kumrushia maziko mubashara.

Wenzake wakatandika jamvi uani, wakazima video zao zote.

"Leo mtandao wote ni wa Baba Rehema," mama alisema. "Atakayefungua mpira nammwagia maji ya vyombo."

Mimi nilikuwa chumbani, nimeziba sikio moja kwa spika ya masikioni, natazama kipande cha mwisho cha tamthilia. Nilijua nimembania. Nikajiambia, dakika chache tu, bado wanamswalia.

Nikasikia uani, "Imeganda." Kisha, "Imeganda tena, jamani."

Mama akaita, "Ng'wanawane! Mwanangu, hebu kiangalie hicho kidude."

"Naangalia, mayu."

Sikuangalia. Nilisubiri kipande kiishe.

Nilipomfungulia na kutoka uani, picha ilikuja safi kabisa. Kaburi lilishafukiwa. Watu wanakung'uta mikono, wanaondoka.

Baba Rehema akampigia mdogo wake. "Kushika simu tu kumekushinda? Mama umemzika peke yako. Mimi na wewe basi." Akakata.

Halafu akanigeukia. "Asante binti, umehangaika."

Bora angenizaba kofi. Sikula, na machozi hayakutoka. Undugu umevunjika kwa ajili ya tamthilia ambayo hata mwisho wake siukumbuki vizuri.

Wenzangu mnaoshika neno la siri la waifai ya watu, msijipendelee. Unapombania mtu, hujui anatazama nini. Mkanda unarudiwa. Mama hazikwi mara mbili.

Jumapili asubuhi nilimkuta Baba Rehema ananawa uso uani. "Shikamoo." "Marahaba." Nikamwambia yote, mama akisikia. Baba Rehema akachukua simu, akampigia mdogo wake. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa.

Nikamwomba namba, nikapiga kwa simu yangu. Ikapokelewa.

"Nani mwenzangu?"

"Hunijui," nikasema. "Ni mimi niliyemzuia kaka yako asione maziko. Wewe ulishika simu vizuri."

Hakukata. Nikampa Baba Rehema simu.