Shakwe wa Miguu Myeusi

Siwafichi: katika Ziwa Naivasha, hakuna mwongozaji wa watalii anayewajua shakwe kunishinda. Mimi natazama miguu tu, nakutajia ndege. Wenzangu wananiita Profesa, na mimi wala sikatai.

Juzi asubuhi nilibeba kwenye boti yangu wageni wawili kutoka Keringet, bwana na bibi. Tukaona shakwe amesimama ufuoni peke yake. Kichwa chake kilikuwa cha kijivu, kama shakwe wetu wa kila siku. Lakini wetu wana miguu myekundu, na huyu miguu yake ilikuwa myeusi tititi!

"Huyu ni mgeni," nikatangaza. "Hajawahi kuonekana hapa."

"Uko na uhakika, madam?" bibi akauliza.

Aniulize mimi uhakika? Nilimpiga ndege picha, nikaituma kwenye grupu ya waongozaji: "Njooni mbio. Nimepata shakwe mpya." Kufumba na kufumbua, boti zikatuzunguka. Nikasimama kifua mbele, nikawahutubia wote habari za miguu ya shakwe.

Nadhani hotuba ilimchosha ndege mwenyewe. Alijichomoa kwenye tope, akaingia majini, akaoga bila haraka, kisha akapanda juu ya gogo mbele yetu. Miguu ilikuwa myekundu, inang'aa kama nyanya.

Halafu Kamau, ambaye kazi hii nilimfundisha mimi mwenyewe, akaita kutoka boti ya nyuma:

"Profesa, mgeni wako amevua gambuti!"