Mota Niliyoikaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa spana kabla sijaonyeshwa pa kukaa. Ilikuwa Soy, kwenye mashine ya kusaga mahindi, na bosi wangu alikuwa Msimamizi, mtu mfupi mwenye sauti ya kuushinda mtambo wenyewe. Alinionyesha mota iliyofungwa kwenye simiti kwa bolti nne nene, akapaza sauti, "Wewe Simiyu, sikia vizuri. Mota ikicheza, kaza. Ikipiga kelele, kaza tena. Ukichoka kukaza, rudi kwenu Bungoma." Nilikuwa nimetoka Bungoma na sanduku moja na sikuwa na nia ya kurudi. Nikakaza.

Nilikaa Soy miaka mitatu. Hapo ndipo nilipojifunza kusuka mota, yaani kutoa waya wa shaba ulioungua na kuzungusha mwingine mpya, mzunguko kwa mzunguko, bila kupoteza hesabu. Ninyi vijana mota ikiungua mnatupa mnanunua nyingine. Sisi tuliifufua, na ilipowaka tulitembea sokoni kama madaktari.

Sifa hizo zilinifikisha Eldoret mjini, kwenye studio ndogo ya kurekodi nyuma ya maduka. Mkubwa wa pale aliitwa Fundi Mkuu, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lingine. Alikuwa mzee mrefu, mpole, aliyevaa koti jeupe hata Jumamosi. Alinisimamisha mbele ya mashine ya kukata santuri, akaniwekea kidole mdomoni ingawa sikuwa nimesema neno.

Niwaeleze mashine hiyo. Ilikuwa na sahani nzito ya chuma inayozunguka, na juu yake tuliweka santuri tupu, bati la alumini lililopakwa rangi laini maalumu. Sindano yenye makali ilishuka na kuchimba mfuo, kile kijia chembamba kinachobeba sauti. Kwetu hakukuwa na tepu. Kwaya iliimba chumba cha pili, sindano ikakata papo hapo, na kilichokatwa kilikuwa kimekatwa. Sasa, chini ya sahani kulikuwa na mota. Ikitetemeka, sahani inatetemeka, na sindano haijui kutofautisha mota na mwimbaji. Inaandika vyote.

"Hii si posho mill ya kusagia unga," Fundi Mkuu aliniambia. "Hapa mota ifanye kazi na isisikike. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuimba, utakata kimya."

"Kukata kimya ni kufanya nini, mzee?"

"Shusha sindano bila muziki. Kata mizunguko michache ukingoni mwa santuri. Kisha icheze, usikilize. Ukisikia kitu, hicho kitu ni mota yako."

Alikuwa pia na darubini ndogo juu ya sindano. Ukichungulia, mfuo wa kimya ulionekana umenyooka kama shamba lililolimwa na trekta ya mtu makini. Ukiwa na sauti, ulijipinda mawimbi mawimbi. Baada ya kusikiliza nilitakiwa kuandika kwenye daftari: "Kimya. Safi." Kisha sahihi. Niliipenda kazi ile mno, nasema wazi. Sijawahi kupenda kazi nyingine hivyo.

Ndiyo maana inaniuma kusimulia linalofuata.

Mota ile ilikaa juu ya raba nne, moja kila pembe, ili mtetemo usipande kwenye sahani. Siku moja nikaziona zimevimba kwa mafuta na mota inacheza kidogo. Mtu wa Soy akaamka ndani yangu. Nikazitoa zile raba, nikaweka washa za chuma, zile pete bapa za bolti, nikakaza mpaka spana ikalia. Mota ikatulia tuli. Nikajipongeza. Kesho yake kwaya ya Moiben ilikuwa inakuja, na asubuhi hiyo nikaona hakuna haja ya kukata kimya kwa mota niliyoikaza kwa mikono yangu. Nikaandika tu: "Kimya. Safi."

Kwaya hiyo ilikuwa na mwimbaji wa besi aitwaye Kiprono, kijana wa rika langu, mwenye sauti nzito iliyojaza chumba bila yeye kujitahidi. Wimbo ulikuwa na mahali ambapo wengine wote wanapanda na yeye anashikilia noti moja ndefu chini. Tulipoucheza tukasikia noti hiyo inayumba, inakwenda na kurudi. Wakarudia. Ikayumba tena.

Leo naweza kuwaeleza kwa nini. Mvumo wa mota na noti ya Kiprono zilikuwa karibu sana bila kulingana, na sauti mbili za namna hiyo zikikutana hupigana, msikilizaji akasikia moja tu, inayoyumba. Fundi Mkuu alikuwa na masikio mazuri. Akanigeukia.

"Ulikata kimya asubuhi?"

"Nilikata, mzee."

Hakuuliza tena. Aliingia chumba cha pili, akamwambia Kiprono kwa upole kwamba labda amechoka, akae nje kidogo. Wakaimba bila yeye na kuyumba kukaisha. Mvumo ulibaki, lakini ukiwa peke yake ulikuwa mdogo mno kusikika kwenye spika yetu ndogo. Kiprono alikuwa ameketi nje kwenye ngazi, kofia mkononi. Alikuwa ameisikia santuri kwa masikio yake mwenyewe, na nani atabishana na santuri?

Wiki iliyofuata nilikata kimya kwa haki, na Fundi Mkuu akaniazima spika kubwa. Nikausikia mvumo. Siku hiyo hiyo nilinunua raba mpya, nikazifunga, na sikumwambia mtu. Niliogopa kufutwa kazi. Sina sababu nyingine ya kupamba.

Fundi Mkuu alipostaafu alinipa lile daftari liwe langu. Akanishika bega, akasema, "Simiyu, siku ya kwaya ya Moiben nilikuuliza mara moja. Nilipaswa kukuuliza mara ya pili." Baadaye studio ilifungwa. Nikafanya kazi kiwanda cha nguo chini ya Injinia wa Zamu, kisha kiwanda cha maziwa chini ya Meneja wa Mitambo, watu wazuri wote wawili, na huko nilistaafu na saa ya ukutani. Daftari nililiweka chini ya nguo.

Mwaka huu akanipigia simu Madam Chebet, mwalimu wa muziki kule Ainabkoi. Alikuwa ameipata ile mashine kwenye stoo, vumbi tupu, akainunua. Vijana siku hizi wanazitafuta santuri tena, aliniambia, naye alitaka kukata ya kwaya yake. "Lakini inavuma, Mzee Simiyu. Inavuma kama friji. Wameniambia wewe ndiye unaijua."

Nikaenda. Niliifungua mota. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi, nikayaosha kwa mafuta ya taa. Bushi, zile pete za shaba ambamo shafti huzunguka, zilikuwa bado nzima, nikazilowesha mafuta mepesi. Kapasita ilikuwa imekufa, nikabadilisha. Zikabaki raba zangu za siri. Zilikuwa ngumu kama mfupa.

Nikiwa nimezishika, Madam akaleta santuri ya zamani, jalada limechakaa. "Hii ndiyo ilinifanya nipende kwaya," akasema. "Nyumbani tuliicheza kila Jumapili. Lakini mzee, tangu nikiwa mdogo najiuliza. Hawa watu wa Moiben, mbona hawana besi?"

Hapo ndipo lile swali la pili la Fundi Mkuu lilipofika. Nikaweka raba mezani na kumwambia yote.

Hakunikemea. Aliuliza tu, "Huyo mtu yuko hai?"

"Sijui."

"Basi twende tujue. Mota itangoja."

Tulimkuta Kiprono Moiben, nyuma ya nyumba, akiosha vikombe vya mashine ya kukamulia. Mvi zilikuwa zimemjaa, lakini niliijua sauti kabla ya uso. Nilikataa kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama: washa za chuma, daftari, jibu langu kwa Fundi Mkuu. Aliendelea kuosha kikombe kile kile muda mrefu.

"Kumbe," akasema hatimaye. "Mimi kanisani nafungua mdomo tu. Miaka yote hii. Watu wakiimba nafungua mdomo, sitoi kitu, nisiwaharibie. Naimbia ng'ombe."

Nililia. Mzee wa umri wangu, mbele ya ng'ombe kumi na mmoja.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kufutwa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akatikisa kichwa. Sikuona msamaha usoni mwake na sikuwa nimekuja kuudai. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Saa hii chini ya mota umeweka nini?"

Nikamwambia sijapata raba. Ya tairi ni ngumu mno, ya patipati inayeyuka kwa mafuta. Akainuka, akaingia stoo, akatoka na raba ya ndani ya kikombe cha kukamulia, ile inayokaa kwenye chuchu. "Hii hailiwi na mafuta na si ngumu. Ingekuwa ngumu ng'ombe angenipiga teke." Akanitupia. "Nitakuja Jumamosi. Lakini hicho kimya chenu nitakisikiliza mimi. Wewe nilishakuamini mara moja."

Jumamosi nilikata vipande vinne vya raba ile, nikakalisha mota juu yake. Mkono wangu ulitaka kukaza. Nikaunyima. Bolti niliziacha pale zinapogusa tu. Nikawasha, nikakata kimya, na Kiprono akavaa spika za masikioni, amefumba macho.

"Kuna kitu," akasema.

Mimi sikuwa nimesikia chochote, na Madam pia. Zamani ningebisha. Nikazima, nikafungua, nikapapasa pembe zote. Bolti ya tatu ilikuwa inagusa ukingo wa tundu lake la chuma, kidogo kuliko unene wa ukucha. Nikapanua tundu kwa tupa, nikafunga, nikakata tena.

Alisikiliza mpaka mwisho wa mizunguko, akaomba irudiwe, akasikiliza tena. Kisha akavua zile spika na kuomba daftari. Nilikuwa nimekuja nalo. Alipekua mpaka akaipata siku ile, akaweka kidole kwenye mwandiko wangu wa ujana, akausoma kwa sauti: "Kimya. Safi." Akafungua ukurasa mtupu, akaandika maneno hayo hayo polepole, na chini yake akatia sahihi yake, si yangu.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na nikiulizwa leo ni nani aliyenistaafisha, nitasema ni yeye, kwa kalamu ile.

Madam akafungua mlango wa chumba cha pili, ambako kwaya yake ilikuwa inangoja. "Mzee Kiprono, utasimama wapi?"

"Nyuma," akasema. "Besi husimama nyuma."

Nilishusha sindano na kuinamia darubini. Mfuo ulikuja umenyooka, mzunguko wa kwanza, wa pili. Halafu wengine wakapanda na yeye akashika noti ile ile, chini, ndefu, sauti ya mzee sasa, na mfuo ukaanza kujipinda. Nilihesabu mawimbi mpaka macho yakajaa machozi tena. Yote yalikuwa sawa. Hakuna lililoyumba.