Upande Wangu wa Kompyuta

Kompyuta ilikuwa yangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu baadaye kila mtu, hata mama yangu mzazi, aliizungumzia kana kwamba nilikuwa nimeiazima. Niliachiwa na mtafiti mmoja mgeni niliyemsaidia kuandika mazungumzo ya wazee wa Makunduchi, wanaosema Kikae, lahaja ambayo sisi wa mjini tunaielewa nusu na kuicheka nusu. Alipokuwa anarudi kwao alinipa kompyuta na kinasa sauti, akanambia, "Endelea." Ndani mlikuwa na mfumo mmoja tu wa kuiendesha, Linux, nami nikauzoea.

Nikaendelea. Kila skuli ninayosomesha ilipofunga nilikwenda Makunduchi kwa bibi yangu, mzaa mama, nikaweka kinasa sauti juu ya mkeka naye akisokota kamba. Alikuwa na jina kwa kila hali ya makumbi ya nazi, tangu yanapofukiwa pwani mpaka yanapopigwa. Alikuwa na neno la tundu la pweza aliyehama, na neno jengine la tundu la pweza aliyejificha. Akishasahau kwamba ananaswa, alisema nami kama alivyokuwa akisema na mama yake. Kinasa sauti kilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo kila niliporudi mjini nilizihamishia sauti zake kwenye kompyuta, nikakifuta.

Mume wangu alikuwa mpiga picha. Akiwapiga picha wageni wanaokuja kuoana ufukweni Kendwa, na programu aliyotumia kutengenezea picha ilitaka Windows. Akaniomba nafasi kwenye kompyuta yangu. Ndoa ilikuwa bado mbichi, nikakubali bila kufikiri. Fundi wa Darajani akaigawa diski mafungu mawili, akatia mfumo wake pembeni ya wangu. Tangu siku hiyo ukiwasha kompyuta kinatokea kioo cheusi chenye orodha, na una sekunde kumi za kuchagua kwa kishale. Usipochagua, unawaka ule uliopangwa.

"Upi uwake wenyewe?" fundi aliuliza. Alimuuliza mume wangu, na mimi nimesimama pale pale.

"Wangu," akajibu.

Lilikuwa jambo dogo. Nilijiambia hivyo kila siku. Niliwasha kompyuta, nikageuka kuzima jiko, nikirudi nakuta Windows imeshapanda, na harusi za watu zimejaa kiooni. Inanibidi nizime, niwashe tena, nikae macho. Siku moja nikamwambia, "Hebu tuweke wangu ndio uwake. Mimi naitumia kila siku, wewe mara mbili kwa wiki."

"Kwani kubonyeza kitufe kazi?"

"Basi bonyeza wewe."

Akacheka. "Mimi nafanya kazi, mke wangu. Wewe unasikiliza maneno ya shamba."

Nikaanza kujifunza mwenyewe. Kumbe mambo yote yanakaa katika faili moja la maandishi. Mifumo inahesabiwa tangu sifuri, na wangu ndio uliokuwa sifuri. Moja ilikuwa ya mstari wa akiba wa mfumo wangu huo huo, wa kwake ulikuwa mbili, na hiyo mbili ndiyo aliyoiandika fundi. Nikaifuta, nikaandika sifuri, nikatoa amri ya kusasisha orodha. Dakika tano hazikufika. Nilipowasha na kuuona mfumo wangu ukipanda wenyewe bila ya mimi kugusa kitu, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku niliyopata cheti changu cha ualimu. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Furaha yenyewe ilidumu mpaka Jumamosi. Aliwasha, akaenda kuoga, akarudi akakuta usiokuwa wake.

"Umeiharibu kompyuta!"

"Sijaiharibu. Chagua wako, teremsha kishale."

"Nna wateja wanasubiri, wewe unanchezea?"

Aliichukua kwapani akashuka ngazi. Iliporudi kutoka Darajani, orodha haikuwapo tena. Fundi alikuwa ameweka muda wa kusubiri uwe sifuri: unawasha, inaingia Windows moja kwa moja, huulizwi kitu. Baadaye sana, ilipokuwa haina faida tena, nilikuja kujua kwamba kuna kitufe cha kushikilia wakati wa kuwasha, na orodha ikatokea. Wakati ule sikujua, na sikutaka kumpa raha ya kuniona nimekwenda kwa fundi wake kuomba niingizwe kwenye kompyuta yangu. Nikasema nitalishughulikia wakati wa likizo. Kiburi hicho kilikuwa changu, simlaumu yeyote.

Kabla ya likizo bibi akaanguka. Nikaomba ruhusa skuli nikaenda Makunduchi kumuuguza. Kinasa sauti sikukichukua. Niliona aibu kumnasa mtu anayehangaika na pumzi. Wiki ya tatu akafa. Tukamzika, tukamsomea, nikabaki na mama mpaka khitma, kisha nikarudi mjini nikiwa na tamaa moja tu, kuisikia sauti yake. Nikaenda Darajani nikakimeza kile kiburi.

"Nifungulie upande wangu," nikamwambia fundi.

Akanitazama. "Upande upi, mwalimu?"

"Wa Linux."

"Mbona mumeo alileta wiki mbili nyuma, akanambia picha zimejaa, lile fungu halina mtu, nifute nimpe nafasi?" Akaona uso wangu, akashusha sauti. "Na ukiwa ndani ya Windows, fungu lile linaonekana kama tupu. Halisomeki. Nilimuuliza, mna kitu humu? Akasema hamna."

Alijaribu, sitamnyima haki yake. Alikaa nayo siku mbili akitafuta yaliyofutika. Yalirudi mafaili machache yasiyo na majina. Mengi hayakufunguka. Moja lilifunguka: sauti ya jogoo, sauti yangu mimi nikisema, "Naam, bibi, nakusikia," kisha likakatika. Juu ya mengine yote zilikwishaandikwa picha za bwana harusi na bibi harusi, miguu peku mchangani.

Mume wangu nilimkuta anakula. Nikamweleza. Aliacha kula, na kwa muda nilidhani ataomba radhi.

"Mbona hukunambia mna sauti ya bibi?"

"Nlikwambia."

"Ulinambia maneno ya shamba. Hukusema bibi."

Nikakumbuka kila nilichowahi kumwambia, na kweli, baada ya kile kicheko chake sikumtajia tena. Ilikuwa kweli ya kumtosha yeye. Aliosha mikono, akasema atanitafutia diski ya nje, nzuri, nihifadhi mambo yangu siku za mbele.

Tulikaa pamoja mwaka mmoja na ushei baada ya hapo. Nilipodai talaka wazee walitukalisha, wakauliza kosa. Nikasema. Mmoja wao akarudia, "Kompyuta?" na wengine wakatazama chini wasicheke. Mwisho tuliandika kwamba hatukuelewana.

Kompyuta nilibaki nayo. Niliisafisha yote, nikatia mfumo mmoja. Nina madaftari yangu pia, maneno ya bibi yameandikwa kwa mwandiko wangu wa haraka, lakini mengine siwezi kuyasoma kwa sauti. Sijui mkazo wake uko wapi, sijui kama niliyaandika nilivyosikia au nilivyodhani. Mwezi uliopita nilimpelekea mama daftari moja. Yeye kazaliwa Makunduchi, akaletwa mjini akiwa mdogo. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya ukurasa, akafika kwenye neno la tundu la pweza aliyehama.

"Linatamkwaje, mama?"

Midomo yake ilianza, kisha ikafunga. Alivua miwani.

"Mimi nilipigwa nisiseme hivyo," akasema, na akanirudishia daftari langu.