Jina Nililolisoma kwa Sauti

Admin, nifichie jina. Nina miaka themanini na tatu, ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kansay. Moyo wangu umechoka na daktari hajanificha kitu. Mikono inatetemeka, hivyo mjukuu wangu ananiandikia haya kwenye simu yake. Nimemwambia asipunguze neno.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa nafundisha Nainokanoka, kule juu kwa Wamasai. Saa kumi jioni, watoto wakishatoka, nilifundisha watu wazima kusoma. Kina mama wa Kimasai niliwaanzishia majina ya watoto wao, maana hayo mzazi hachoki kuyaandika. Mmoja wao, mama wa watoto watatu, alikuwa mwepesi kuliko wote. Aliniletea maziwa kwenye kibuyu huku akinitania, "Kunywa, mwalimu. Mahindi yenu ya Kansay hayanenepeshi mtu."

Wakati wa masika mwanawe wa mwisho akafariki. Wiki chache baadaye mama yule akarudi darasani, amevua shanga zote. Siku hiyo hiyo alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Nilitaka alisifie darasa langu, kwa hiyo nikamsimamisha mwanafunzi wangu bora na kuandika ubaoni majina matatu aliyoyazoea.

Akasoma mawili. Akanyamaza.

"Na la tatu, mama?"

Mkaguzi akatazama saa yake.

"Ng'ombe wote wa boma unawajua kwa rangi zao," nikasema, "jina la mwanao mwenyewe limekushinda?"

Mkaguzi akacheka. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema taratibu, "Mwalimu, muache. Aliyekufa kwetu hatajwi."

"Hayo yaacheni bomani. Hapa ni darasani."

Nikachukua fimbo, nikagusa ubao, nikalisoma lile jina kwa sauti. Mara mbili.

Kina mama wakajifunika nyuso. Yeye hakulia. Alisogea ubaoni, akalifuta jina kwa kiganja chake, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Kisha akatoka. Hakurudi tena.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba sikuijua mila ile. Ni uongo. Nilijua. Siku ya msiba mzee yule yule alikuwa amenionya. Nilimkaripia mama aliyefiwa mbele za watu ili mgeni anione hodari.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba mama yule yu hai, kikongwe kama mimi. Binti yangu yuko tayari kunipeleka kwa gari. Lakini nitamwombaje msamaha bila kumtaja yule mtoto? Nikisema, nitamfanya amzike mwanawe upya. Nikinyamaza, nakufa na kosa hili.

Mimi hapa nimeomba jina lifichwe, na najua mtalificha bila kuniuliza sababu. Naye aliniomba hivyo hivyo siku ile, kwa kunyamaza kwake, nami nikamkatalia.

Wanangu mnaosoma hapa, hasa ninyi wenyeji wa kule juu, niambieni mapema, muda wangu ni mfupi. Niende kwake, au nimwache na amani yake?