Mungu wa Moto na Bawaba Iliyolika

Pale bekarini kila mtu alimwita Shangazi, hata mwenye bekari, ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Alikuwa mchomaji mikate, mikono imejaa makovu hadi viwikoni na mdomo hauna breki. Kila alfajiri, kabla ya kuongeza kuni, alipanda kigoda akamfuta vumbi Mungu wa Moto, kisanamu cha udongo chenye uso mwekundu, kilichokaa juu ya tanuri tangu enzi za mababu.

Siku mlango wa chuma wa tanuri ulipochomoka na kumwangukia mkononi mdogo wake Shangazi, aliyefanya kazi papo hapo, watu hawakuutazama mlango. Walimtazama majeruhi. "Amemkosea nini Mungu wa Moto?" wakanong'ona, na kabla mkono haujafungwa vizuri, kosa lilishapatikana: jana alicheka mbele ya sanamu. Mwenye bekari akakata shauri: apige magoti mbele ya wenzake, aombe radhi, la sivyo asirudi kazini.

"Dada, acha tu nipige," mdogo wake alisema, machozi yakimlengalenga. "Magoti hayaumi kama huu mkono."

"Upige magoti kwa kosa la bawaba?" Shangazi alifoka. Hasira ilimpanda hadi utosini. Bawaba ya mlango ule ilikuwa imelika; alikuwa amelisema hilo siku nyingi mpaka mate yakamkauka, na kila mara alijibiwa kwamba Mungu wa Moto huwalinda wanyenyekevu. Wanyenyekevu, eti! Akanyanyua ndoo ya maji, akaimwaga yote tanurini. Moto ambao hakuna aliyewahi kuthubutu kuuzima ukafa kwa mvuke na kishindo, na wachomaji wakatimka nje.

"Shangazi, umetuua!"

"Maiti gani anapiga kelele hivyo?"

Akakishusha kisanamu, akamtia mwenye bekari mikononi. "Kama huyu yu hai, Mzee, mwambie aushike mlango mpaka fundi aje. Mababu hawakuwa wajinga. Waliuweka uso huu juu pale ili kila anayefika akumbuke kwamba moto hauna mjomba. Ni ukumbusho, si askari. Nyinyi mmeng'ang'ania uso, maneno yake mmeyatupa."

Mwenye bekari akabaki amembeba mungu wake, hajui amweke wapi. Kwenye mabeseni unga ulikuwa unaumuka, nao haujui kusubiri. Akatazama unga, akatazama tanuri baridi, kisha akatuma fundi aitwe.

Kesho yake, bawaba mpya imeshafungwa, Shangazi alipanda kigoda, akakirudisha kisanamu mahali pake, akakifuta.

"Kumbe bado unamheshimu?" mchomaji mmoja akamchokoza.

"Kuliko wewe. Mimi nasikia anachosema."

Mdogo wake akaingia, mkono umefungwa bendeji. Mwenye bekari akainamisha macho. Majeruhi akasimama mbele ya Mungu wa Moto, akacheka kwa sauti, kisha akauvuta mlango kwa mkono mzima. Mlango ukashika.