Darasa Lisilo na Nyuso

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mimi huikumbuka kila nikisikia kijana akiambiwa anyamaze kwa kuwa anauliza sana. Ilikuwa alasiri, mjini Machakos, katika chumba kilicho juu ya duka la sare za shule. Mwanamke wa umri wa mama yangu alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, chaki mkononi, akiifundisha. Nasema amesimama kwa sababu alikataa katakata kuketi. "Sijawahi kufundisha nikiwa nimekaa," aliniambia, "na sitaanza leo kwa sababu ya sanduku hili."

Huyo alikuwa Mwalimu Ndunge, mwalimu wa fizikia. Mimi, Syombua, ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimeajiriwa na kituo cha walimu kuwasaidia wajifunze kufundisha kwa mtandao. Usicheke. Miaka ile intaneti iliingia kwa waya wa simu, na kabla haijaingia ililia kwanza kama mbuzi aliyekanyagwa. Mvi zangu hazijawa nyingi, lakini zinatosha kunipa ruhusa ya kukusimulia haya, hasa wewe uliyepewa darasa juzi ukaambiwa ulifundishe kupitia kioo cha kompyuta.

Nilikuwa mtu wa kutoamini. Chuo kikuu kilinipa neno moja nililolipenda kuliko chapati: "Umejuaje?" Mhubiri akihubiri, umejuaje? Mjomba akitazama mawingu na kusema mvua itachelewa, umejuaje? Nikiwa nyumbani mama alinipa kazi ya kuchambua kunde ili tu nisiwe karibu na wageni. Na sasa nimeajiriwa kuwasaidia walimu katika jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliamini hata kidogo. Nilidhani kompyuta zile zililetwa ili watu wapigwe picha kando yake.

Lakini kulikuwa na shule ya wasichana kule Masinga, karibu na bwawa. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa amehama na hakuna mwingine aliyeletwa. Mwalimu mkuu alisema wazi: ikiwa kufikia mwisho wa muhula wasichana wa kidato cha pili hawataonyesha kwamba wanajifunza kitu, fizikia itafutwa pale shuleni, nao wachague somo lingine. Shule ilikuwa na kompyuta moja, jenereta iliyowashwa saa chache mchana, na simu ya mkononi iliyofungwa kwa waya kwenye kompyuta ili barua pepe zipite. Mwalimu Ndunge alijitolea kuwafundisha kwa njia hiyo.

Darasani mwao alikuwamo msichana aitwaye Mwende. Katika barua yake ya kwanza aliandika hivi: "Waya za umeme zinapita juu ya shamba letu kwenda mbali, na sisi tunasoma kwa taa ya mafuta. Nataka kufanya kazi pale bwawani, nijue kwa nini zinatupita." Mwalimu Ndunge aliisoma mara mbili, kisha akaniambia, "Huyu akikosa fizikia, hiyo waya itampita maisha yake yote."

Basi tukaanza. Mimi nilimfundisha kile nilichodhani ndicho anachohitaji: fungua hapa, bonyeza pale, tuma. Yeye aliandika kwa kidole kimoja, akigonga kila herufi kama anayetoa mwiba. Alianza kila somo kwa "Hamjambo wanafunzi?" halafu akanyamaza, akisubiri kioo kimjibu. Mwisho wa somo aliuliza kama mlivyozoea kuulizwa nyote: "Mmeelewa?" Kesho yake jibu lilikuja, safi, lenye adabu: "Tumeelewa, mwalimu. Asante." Somo la pili: tumeelewa. La tatu: tumeelewa, Mungu akubariki.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nami nakuongezea, mwanangu, kwamba "ndiyo" nyingi zinazofanana ni kimya cha aina yake.

Mshindo ulikuja na somo la balbu. Unajua kwamba ukifuatanisha balbu kadhaa kwenye waya mmoja, mwanga wake hufifia. Lakini kila moja ikipewa waya wake kutoka kwenye betri, zote hung'aa. Mwalimu Ndunge alikuwa amechoka siku hiyo, kidole kinamuuma, akaandika kinyume. Kilichofifia akakiita kinachong'aa, na kinachong'aa akakiita kilichofifia. Jibu likaja: "Tumeelewa, mwalimu. Asante sana."

Mimi ndiye niliyegundua, na nakiri nilifurahi kama mtu aliyeokota shilingi. Nikamwonyesha kioo. "Unaona, mwalimu? Ukiwaambia jua linatoka magharibi watasema asante. Nilisema tangu mwanzo, hii kitu haifanyi kazi. Umejuaje kama wanaelewa? Hata darasani, umejuaje?" Nikachukua mkoba wangu, kwa maana saa ya kufunga ilikuwa imekaribia na neno langu la mwisho lilikuwa tamu.

"Syombua."

"Naam, Mwaitu." Hivyo ndivyo tulivyowaita akina mama.

"Umewahi kuteleka muthokoi?"

"Mara nyingi." Nani kwetu asiyewahi kuyapika mahindi yale ya kukoboa?

"Ukishaweka kwa moto unaenda sokoni?"

"Hapana, Mwaitu. Itaungua. Lazima ukae uongeze maji."

"Aiya! Kumbe unajua. Sasa mbona wewe kila siku unaweka swali kwa moto halafu unachukua mkoba? Tangu uje hapa umeniuliza 'umejuaje' mpaka hata nimeiota. Hujawahi ngoja nikujibu. Wewe hutaki kujua. Unataka kushinda." Akavuta kiti, akakipangusa vumbi la chaki kwa kiganja. "Keti. Uliza tena. Na leo usitoke mpaka iive."

Niliketi, mwanangu. Uso uliniwaka. Nikauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo: "Darasani, watoto wote wakisema ndiyo, unajuaje nani hajaelewa?"

Aliichukua chaki, akaizungusha vidoleni. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Ukilifanya jambo miaka mingi, linakuwa kama kupumua. Mwishowe akasema, "Naangalia mikono. Aliyeelewa anaandika. Asiyeelewa anachonga penseli."

"Anachonga penseli?"

"Anachonga hata ile yenye ncha. Nikiona darasa nzima inachonga, najua aliyepotea ni mimi. Narudi nyuma."

Tulicheka wote wawili. Kisha kicheko kikaisha, tukakitazama kile kioo. Huko Masinga wasichana walikuwa wakichonga penseli zao tangu muhula uanze, na sisi hatukuwa na jicho la kuwaona. Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyoajiriwa kufanya. Mwalimu yule alikuwa na macho ambayo mashine haikuwa na nafasi yake, na hakuna aliyefikiria kumtafutia mengine. Nilikuwa nimemfundisha vibonyezo tu.

"Waambie waseme kama hawajaelewa," nikapendekeza.

"Hawatasema. Msichana amelelewa vizuri kwao, atamwambiaje mwalimu hajaelewa? Ni kama kumwambia mwenyeji wako amekupikia vibaya."

"Basi wape ruhusa."

"Ruhusa ya kukosa adabu?"

"Ya kutokubali," nikasema. "Lakini wakae wathibitishe. Wasishike mkoba."

Akanitazama kando, akaguna, na nikajua nimesamehewa.

Jioni hiyo aliandika barua fupi kuliko zote. Naikumbuka karibu yote: "Wasichana wangu, somo la balbu lina kosa, na kosa ni langu. Sitawaambia liko wapi. Tafuteni betri, balbu za tochi na waya, mjaribu kwa mikono yenu. Atakayenionyesha hajanivunjia heshima, amenisaidia." Alisita kabla ya kutuma. Mwalimu wa rika lake kuandika kwamba amekosea, tena kwa watoto, tena kwa maandishi yasiyofutika kwa dasta! "Wakinicheka?" aliniuliza. Nilibaki kando yake, mkoba sijaugusa. Akabonyeza mwenyewe.

Siku zilipita bila barua. Badala yake mwalimu mkuu wa Masinga alipiga simu. Alisema muhula unaelekea ukingoni, na kwamba amesikia mwalimu wa kompyuta amekiri hajui anachofundisha. Mwalimu Ndunge alimjibu kwa upole, "Nipe wiki hii, mwalimu." Alipokata simu aliketi. Ndiyo, aliketi, na mimi nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Ningeweza kusema nilijua tangu mwanzo. Nilikwenda kumletea chai.

Ijumaa mbuzi wetu alilia, waya ukashika, na barua ikaingia. Ilikuwa ya Mwende.

"Mwalimu, kwa heshima, hatukubali. Tulitumia betri za redio ya matroni. Yeye hajui, tafadhali usimwambie. Tulifuatanisha balbu tatu, zikafifia. Tulipoipa kila moja waya wake, zikawaka sana. Kwa hiyo umegeuza. Lakini mwalimu, kuna jambo lingine. Betri zilichoka haraka zaidi zilipowaka sana. Kwa nini? Na ile waya inayopita kwetu, je, tukiweka balbu yetu, watu wa mbali watafifia?"

Nyuma yake zikafuata nyingine, kila msichana na swali lake, mengine ya maana, mengine ya kuchekesha. Mmoja alitaka kujua kama umeme huona giza. Mwalimu Ndunge alikuwa amesimama tena. Alipiga kigelegele hadi mwenye duka la sare akapanda ngazi kuuliza ni nani ameolewa.

"Hakuna harusi," akamwambia, machozi yakimtoka. "Wamenikatalia! Wamenikatalia, ndugu yangu!"

Mwenye duka akatutazama kama watu waliopigwa na jua, akashuka.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alipiga simu tena, sauti ya mtu aliyechoka. "Mwalimu, umewafanya nini hawa watoto? Juzi nimewaambia jenereta izimwe mapema kuokoa mafuta, wakaniuliza nimejuaje kama inaokoa. Walikuwa wamepima!" Akavuta pumzi. "Fizikia ibaki. Lakini ukija huku uwafundishe pia kunyamaza wakati wa chakula."

Ilibaki. Mwende aliichukua hadi kidato cha nne, na alipomaliza aliendelea kusomea umeme. Sitakudanganya kwamba kila msichana alifaulu, wala kwamba mashine zile hazikuharibika, ziliharibika sana. Lakini baada ya hapo, kila mwalimu aliyepanda zile ngazi sikumwonyesha pa kubonyeza kwanza. Nilimkalisha, nikamuuliza darasani mwake hutazama nini, na nikangoja.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu, maana nasaha isiyotamkwa ni kama chakula kilichofunikwa mbele ya mwenye njaa. Usimsikilize anayekuambia uache kuuliza. Kuuliza si ujinga. Lakini swali lako likusukume kukaa na mtu, lisikusukume kumwacha. Shaka inayoondoka na ushindi wake haijajenga nyumba ya mtu yeyote. Na kama umepewa wanafunzi usiowaona, usikimbilie chombo kabla hujajua macho yako yalikuwa yakifanya kazi gani. Usiwaulize kama wameelewa, kwa maana watoto wenye adabu watakuambia ndiyo hadi wazame. Wape kitu cha kujaribu kwa mikono yao, uwaambie unaweza kukosea, na uvumilie kimya chao mpaka kivunjike. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwalimu hainami chini kuliko pale anaposema, "Nionyesheni nilipokosea."

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie wanafunzi wasiokukubali upesi, akupe moyo wa kuwashukuru wanapokukatalia, na siku utakapokuwa huna jibu, akupe mtu wa kukaa nawe mpaka lipatikane.