Nilivyocheza Gofu na Memsahibu

Mtoto niliyekuwa nikimlea alipopelekwa kwao Uingereza kusoma, nilidhani na mimi nitaambiwa nifungashe nirudi kijijini kwetu Kilangala. Kazi yangu ilikuwa uyaya, na yaya bila mtoto ni wa nini? Lakini memsahibu, mama wa yule mtoto, akaniambia nibaki. Nipige pasi, nishone vifungo, nipange makabati. Nguo zenyewe zilikuwa za watu wawili tu, yeye na mumewe, msaidizi wa meneja katika kampuni ya mkonge. Bwana huyo alikuwa akiondoka alfajiri kwenda shambani. Ikifika saa nne asubuhi, mimi sina la kufanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimeachika, na binti yangu nilimwacha kwa mama yangu kijijini. Pale Lindi sikuwa na ndugu wala shoga. Mtu pekee wa kusema naye alikuwa mpishi, mzee wa Kilwa Kivinje. Asubuhi nitamwambia shikamoo, atajibu, "Marahaba, mwanangu," kisha atarudi kwenye unga wake, na maongezi yetu ya siku yameisha. Nyumba ilikuwa kubwa. Mchana nilikuwa nikisikia saa ya ukutani kutoka chumba cha tatu.

Memsahibu naye hakuwa na mtu. Niliona barua zake za kuwaalika wake wa Wazungu wengine chai zikirudi na majibu mafupi. Siku moja nilimuuliza mpishi sababu.

"Hao wenziwe ni wake wa maofisa," alisema. "Huyu kwao alikuwa akiuza dukani. Wanajua."

Basi kampuni ikaamua kufanya mashindano ya gofu. Wazungu wa mashamba yote ya kusini, na wa serikali, waje Lindi wacheze, na watakachotoa kinunue vitanda vya wodi ya watoto hospitalini. Wakubwa walipotafuta mtu wa kuyapanga, kila mmoja alikuwa na shughuli. Kazi ikamwangukia memsahibu. Aliporudi kutoka ofisini siku hiyo alikuwa na uso mwekundu, na aliniita hata kofia hajaivua.

"Yaya, sasa tuna kazi," alisema. "Kazi kubwa sana."

Nikasikia ile "tuna."

Miezi miwili mezani pale pa kulia chakula hapakuliwa chakula. Alikata vipande vya karatasi, kila kimoja na jina la mchezaji, akavipanga wawili wawili. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa mawili kabla ya kuozwa, herufi nazijua, kwa hiyo nilikuwa nikimsomea majina naye anayaandika kwenye orodha. Upepo ukiingia dirishani tunavifunika kwa mikono yetu minne. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata nani asiwekwe na nani. Bwana huyu na bwana yule waligombana kwa ajili ya mbwa. Mama huyu hataki kucheza na daktari, maana daktari alimwambia apunguze mvinyo. Nilicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia.

Kisha tukaanza kwenda uwanjani. Ulikuwa na mashimo tisa, kati ya minazi na ufukwe. Majani mazuri hayakukubali kuota pale, kwa hiyo kuzunguka kila shimo walikuwa wamemwaga mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, upepo usiupeperushe. Unalainisha mchanga kwa kuburuta gunia, ndipo unapiga mpira wako uingie. Ilibidi pia ziandikwe sheria za pale pale: mpira ukiingia kwenye shimo la kaa, uokote uuweke pembeni, kunguru akiuchukua, weka mwingine.

Asubuhi za katikati ya wiki hapakuwa na mtu. Siku moja aliniwekea fimbo mkononi.

"Piga," alisema.

"Mimi?"

"Wake wengi wa mashambani hawajui kucheza. Nataka kujua mtu asiyejua atapiga mara ngapi mpaka shimoni, ili nimpe mapigo ya nyongeza yasiyohesabiwa. Wewe hujui. Piga."

Nilijifunga khanga vizuri kiunoni nikapiga. Nilikata udongo. Nikapiga tena, nikakata hewa. Mara ya tatu mpira uliondoka, sikuuona, niliusikia tu, na mikono yangu haikuhisi kitu chochote. Memsahibu alipiga makofi kama mtoto.

Tangu siku hiyo tulikwenda karibu kila asubuhi. Mwanzoni alihesabu mapigo yangu na kuyaandika. Baadaye aliacha kuandika, tukawa tunacheza tu. Shimo la sita, lililokuwa ng'ambo ya kijito, nilikuwa nikimshinda. Njiani alinizungumzia mwanawe, kwamba katika barua zake haulizi tena lini atarudi. Nami nilimwambia habari za binti yangu, ambaye nilipokwenda mara ya mwisho alijificha nyuma ya bibi yake. Alisimama akanitazama.

"Pole, yaya," alisema. Kisha akasema, "Zamu yako."

Sijui kama ule ulikuwa urafiki. Najua kwamba jioni, nikiwa nimelala chumbani kwangu uani, nilikuwa nikiingoja asubuhi. Hilo lilikuwa halijanitokea tangu nifike Lindi.

Siku ya mashindano ikawadia. Watu walikuja kwa magari kutoka mashambani, wengine kwa meli kutoka Mtwara. Mimi nilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi nikawekwa chini ya turubai kugawa maji ya ndimu. Mambo yalikwenda sawasawa. Hakuna waliogombana, hata wale wa mbwa. Memsahibu alitembea huku na huku na orodha yake, na niliona wanawake ambao hawakuwahi kufika nyumbani kwake wakimshika mkono.

Mchana walikuja kupumzika pale nilipokuwa. Mke wa ofisa mmoja mkubwa alimsifu memsahibu: mapigo ya nyongeza waliyopewa wasiojua kucheza yalipimwa vizuri sana, kila mtu amepata nafasi. Akamuuliza alijuaje. Alipima na nani? Kiingereza changu kilikuwa cha kusikia tu, lakini hayo niliyaelewa yote. Nilikuwa nimesimama na jagi, umbali wa hatua mbili. Nikamtazama memsahibu, nadhani nilikuwa nimeanza kutabasamu.

"Nilicheza peke yangu," alisema. "Asubuhi nyingi sana, peke yangu."

Wote wakamwonea huruma, wakasema sasa hatacheza peke yake tena. Akanyoosha glasi yake, nami nikamjazia.

Nyumbani, mpishi aliniona nimekaa kwenye kizingiti cha jiko. "Umechoka, mwanangu?" aliuliza. Nikasema nimechoka.

Wiki zilizofuata memsahibu alikuwa na wageni wa chai, na Jumatano alichukuliwa kwa gari kwenda kucheza. Meza ilirudi kuwa ya chakula. Hakunitendea ubaya wowote. Tena alinipandisha mshahara kidogo. Mimi nilirudi kusikiliza saa ya ukutani, lakini safari hii ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa nilijua kilichokosekana.

Karibu na Ramadhani, marafiki zake walikwenda Dar es Salaam, mji ukapoa. Asubuhi moja alikuja mlangoni nilipokuwa napiga pasi. Alikuwa na fimbo mbili mkononi.

"Yaya, twende? Hakuna mtu leo."

Moyo uliruka, sitasema uongo. Lakini nikasikia pia lile "hakuna mtu leo."

"Nguo ni nyingi, memsahibu," nikasema.

Alitazama kikapu. Ndani mlikuwa na mashati mawili na kitambaa cha meza. Akageuka na fimbo zake. Nilimsikia akiteremka ngazi polepole, na nikajua kwamba nikimwita atasimama. Sikumwita. Hakuniomba tena.

Mwaka uliofuata bwana alihamishwa. Wakati wa kuagana memsahibu alinipa doti ya khanga na jozi ya viatu, akanishika mikono yote miwili, na sote wawili tukaangalia chini. Nilipanda lori la kwenda Kilangala siku ile ile. Binti yangu alikuwa amekua, ananifikia kifuani. Aliniamkia kama anavyoamkiwa mgeni, akapokea mzigo wangu, akanitangulia ndani. Ilinichukua miezi kumzoea, naye kunizoea. Habari za gofu sikumsimulia mpaka alipokuwa na watoto wake mwenyewe, na hata hapo nilimweleza habari za kunguru na kaa tu, akacheka sana.